Kamera Mbili na Mayai ya Bibi

Kila Jumamosi asubuhi, kabla chai yake haijapoa, Panzi alikuwa ameshainuka kitini mara nne. Jina hilo alibandikwa na shangazi yake siku alipomkuta anakunywa uji huku anaruka kamba. Likamganda, hata mwalimu wa darasa akawa analisahau lile lililoandikwa kwenye daftari la mahudhurio. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, mwenye akili nyepesi na miguu iliyozidi kuwa myepesi kuliko akili.

"Kaa utulie," Bibi alimwambia. "Hicho kiti nacho kinataka kujua kama umekaa au unapita."

"Nakwenda kuangalia joto tu, Bibi."

"Si umetoka kuliangalia sasa hivi?"

"Ndiyo, lakini hiyo ilikuwa zamani."

Joto ndilo lililoendesha nyumba ile. Mama yake Panzi alikuwa mtotoleshaji wa vifaranga. Majirani walimletea mayai, naye akayaweka kwenye masanduku ya mbao yenye balbu ndani, na baada ya siku ishirini na moja wakaja kuchukua vifaranga. Masanduku yalikuwa mawili, yamekaa chumba cha nyuma, moja karibu na mlango na jingine chini ya dirisha. Seremala aliyatengeneza siku moja, kwa mbao zilezile na rangi ileile ya bluu, na kila moja akaliwekea swichi ya kuzungusha ubavuni, ya kupandisha au kushusha joto. Kipimajoto kililala ndani, kando ya mayai, na kilitakiwa kisome thelathini na saba na nusu. Joto likizidi sana, kifaranga huiva ndani ya yai. Likipungua sana, huacha kukua.

Taabu ilikuwa kukisoma. Ilibidi Mama afunue kifuniko, na kila alipofunua, joto likatoka. Alikuwa kama mpishi anayefunua sufuria kila dakika, halafu anashangaa maji hayachemki. Panzi ndiye aliyeiondoa taabu hiyo.

Shangazi yake alikuwa fundi wa kompyuta, mwenye kibanda kwenye kona ya mtaa. Alimpa Panzi kompyuta kuukuu ambayo mwenyewe aliitelekeza kwa sababu ya uzito wake, akaiwekea mfumo wa Linux, nayo ikafufuka. Akampa pia kamera mbili ndogo za bei ya chini, zilizofanana kama punje za mahindi. Kamera zenyewe zilikuwa balaa. Ya kwanza ilionyesha kila kitu kama kimepakwa ukungu, na ya pili vilevile. Chini ya mwanga wa balbu hazikuonyesha ila weupe mtupu, utadhani zinapiga picha ya maziwa. Panzi alishinda nazo wiki nzima kila atokapo shule. Alibandua gundi ya lenzi kwa pini, akaizungusha kidogo kidogo mpaka tarakimu zikaonekana. Akaandika amri kwenye dirisha jeusi la kompyuta kupunguza mwanga, akakosea, akaandika tena. Seremala akatoboa tundu kwenye kila kifuniko, wakaliziba kwa plastiki angavu ili unyevu usiifikie kamera iliyokaa juu yake.

Mwishowe picha mbili zikatokea kwenye kioo cha kompyuta sebuleni. Juu ya ile ya kushoto Panzi aliandika DIRISHANI, na juu ya ile ya kulia akaandika MLANGONI. Mama aliposoma joto la masanduku yote mawili huku amesimama sebuleni na ufagio mkononi, alicheka kwa furaha.

Lakini palikuwa na jambo moja ambalo Panzi hakulisema. Siku ya tatu alizima kompyuta, na alipoiwasha, picha zilikuwa zimebadilishana mahali. Sanduku la mlangoni, lililokuwa na mayai ya majirani, lilionekana chini ya neno DIRISHANI. Hakujua kwa nini. Alichomoa nyaya mbili za kamera, akazibadilisha matundu, na picha zikarudi zilipotakiwa. Shangazi yake alikuwa amemwonya mapema: "Mashine ikifanya jambo usilolielewa, liandike, halafu lifuatilie mpaka ulijue. Usilifukie." Kulifuatilia kungekula jioni nzima, pengine mbili, na Panzi hakuwa na jioni ya kupoteza. Mama alipomuuliza, "Iko sawa? Niiamini?" alijibu haraka, "Sawa kabisa, Mama!"

Siku mbili baadaye mayai ya Bibi yakaingia sanduku la dirishani.

Hayo hayakuwa mayai ya hivi hivi. Kideri kilikuwa kimepita mtaani, na ndani ya siku nne kikafagia kuku wote wa Bibi, majike kumi na nne na jogoo wao. Kuku hao walikuwa uzao wa kuku mmoja ambaye Bibi alipewa na mama yake siku alipoolewa. Alikuwa amewafuga maisha yake yote, mama mpaka mjukuu. Yaliyobaki ni mayai ishirini na mawili ndani ya kikapu, yaliyookotwa kabla ya ugonjwa. Mayai yale yakiharibika, uzao huo ungekwisha, na hakuna soko ambalo lingeuza mwingine.

Mama alimpa Bibi sanduku zima, na Bibi akajipa kazi ya kuyageuza mayai mara tatu kwa siku. Macho yake yalikuwa yamepungua nguvu na mikono ilimtetemeka. Siku moja mkono wa gauni lake ulinasa kwenye swichi ukaizungusha, na Mama akamwomba kwa upole awe mwangalifu. Kalamu ya Panzi nayo ilivujia yai moja, likabaki na doa la wino. "Huyo atatoka amesoma," Bibi akasema.

Jumamosi hii mayai yalikuwa na siku kumi na sita. Bibi alikuwa ameshayageuza asubuhi mapema. Baada ya chai akaja Kobe na madaftari yake. Kobe alikuwa rafiki yake Panzi wa darasa moja, na aliitwa hivyo kwa sababu alilitafuna kila swali kabla ya kulijibu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Afadhali umekuja. Mshike mwenzio mguu mmoja, mimi nishike mwingine."

Saa tatu na dakika chache umeme ukakatika. Baada ya kama dakika kumi ukarudi, na kompyuta ikajiwasha yenyewe. Panzi alikuwa amesimama mbele ya kioo, anahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule. Picha zilipotokea hakungoja hata zitulie.

"Mama! Dirishani imeshuka! Thelathini na sita!"

Mama alikuwa chumba cha nyuma. "Dirishani? Kwenye mayai ya Bibi?"

"Humo humo! Ongeza!"

Mama akazungusha swichi ya sanduku la dirishani. Panzi akakodoa macho kwenye kioo. Dakika zikapita. Chini ya neno DIRISHANI tarakimu zilishuka mpaka thelathini na tano, na chini ya MLANGONI zikapanda mpaka thelathini na nane na nusu.

"Bado inashuka! Ongeza tena! Na mlangoni imezidi, shusha!"

"Mbona mkono wangu unaniambia vingine?" Mama aliita. "Nikigusa ubao wa huku dirishani, naona una moto."

"Mkono haupimi, Mama! Amini kamera!"

Mama akaamini kamera. Hapo ndipo mambo yalipozidi kuharibika. Kadiri alivyoongeza joto dirishani, ndivyo picha ya DIRISHANI ilivyozidi kushuka, na kadiri alivyopunguza mlangoni, ndivyo picha ya MLANGONI ilivyozidi kupanda. Thelathini na nne huku, thelathini na tisa na nusu kule. Panzi akawa anakimbia kutoka kwenye kioo hadi ukumbini na kurudi, anapiga kelele za namba, jasho linamtoka. Hakukaa mahali hata nusu dakika ili afikiri.

Kobe alivuta kiti, akakaa mbele ya kioo, akaangalia.

"Panzi."

"Ngoja!"

"Panzi, lile yai lenye doa la wino, uliniambia liko sanduku gani?"

"La Bibi. La dirishani."

"Sasa mbona naliona kwenye picha ya mlangoni?"

Panzi alisimama ghafla. Aliinama, akaangalia. Doa lile la bluu lilikuwa pale, chini ya neno MLANGONI, kando ya kipimajoto kilichosoma arobaini.

Umeme ulipokatika na kurudi, kamera zilikuwa zimebadilishana tena kama siku ile. Lililopoa tangu mwanzo lilikuwa sanduku la mlangoni, la mayai ya majirani, na yeye alikuwa amempigia Mama kelele azidi kulipoza. Na muda wote huo, kwa amri zake mwenyewe, walikuwa wanayapika mayai ya Bibi.

Mkono wake ulikwenda kwenye nyaya bila kuambiwa. Angezibadilisha kama siku ile, picha zingerudi mahali pake, na angeita, "Mama, sasa dirishani imezidi, shusha!" Nani angejua? Umeme wenyewe ungebeba lawama. Alikuwa ameshaushika waya mmoja aliposikia Mama akimwuliza Bibi kutoka chumba cha nyuma.

"Mama, samahani nikuulize. Ulipogeuza mayai asubuhi, hukuigusa swichi?"

Bibi alikuwa amemfuata huko baada ya kusikia kelele. Aliitazama mikono yake.

"Sikumbuki, mwanangu. Labda nimeigusa. Mikono yenyewe siku hizi hainisikii." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Basi nimewamaliza mwenyewe. Kideri kiliniachia haya, mimi nikayamaliza kwa mkono wangu."

Kobe alimtazama Panzi. Panzi aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni. Aliuachia waya. Sasa miguu ile iliyokuwa haijui kutulia ikawa mizito, na hatua kumi za ukumbini zikawa ndefu kuliko njia ya shule. Lakini alikwenda.

"Mama, fungua masanduku! Kamera zinadanganya. La dirishani ndilo lenye moto, la mlangoni ndilo lenye baridi! Si Bibi. Ni mimi."

Mama alifunua kifuniko cha dirishani, joto likampiga usoni. Akashusha swichi mpaka mwisho. Alipofunua la mlangoni akaona balbu mbili kati ya nne zimekufa, zimeungua umeme uliporudi. "Leta balbu mpya! Kobe, shika tochi! Maneno baadaye." Bibi alikuwa ameshaanza kuyapepea mayai yake kwa kipande cha boksi. Alipepea bila kupumzika, na hakumtazama Panzi.

Ilichukua karibu nusu saa masanduku yote mawili kurudi thelathini na saba na nusu. Ndipo Mama alipovuta kigoda akakaa.

"Haya. Sema."

Panzi alisema yote. Alisema juu ya siku ya tatu, nyaya alizozibadilisha kimya kimya, na jibu alilotoa alipoulizwa. Alisema hata alivyokuwa ameshika waya dakika chache zilizopita ili afiche tena. Hilo la mwisho halikuwa na shahidi ila Kobe, na Kobe asingesema. Lilipomtoka, machozi yakamtoka nayo.

"Kwa hiyo nilimshuku mama mkwe wangu kwa jambo lako," Mama alisema polepole. Akamgeukia Bibi. "Nisamehe, Mama."

"Nilijishuku kabla yako," Bibi alijibu. "Leteni shuka tuyaangalie."

Walijifunika shuka nzito, Bibi, Mama na Panzi, wakamulika yai moja moja kwa tochi. Katika yai la siku kumi na sita kuna giza kubwa na pengo la hewa upande mmoja. Ukiwa na subira, utaona giza likitikisika kidogo. Hapo Panzi alilazimika kutulia kweli. Yai la kwanza lilitikisika. La pili halikutikisika. La tatu walilitazama mpaka macho yakawauma, hawakujua la kusema. Hata lile la wino lilikaa kimya. Walipotoka chini ya shuka, Bibi alisema, "Tutangoja. Siku tano si nyingi." Lakini zilikuwa nyingi.

Mchana Shangazi alikuja kutoka kibandani kwake, akasikia habari yote kutoka kinywani mwa Panzi mwenyewe. Alichomoa kamera, akazitazama chini.

"Wifi, hizi hazijadanganya," alimwambia Mama. "Ni mapacha waliopewa jina moja. Kamera nzuri kila moja huwa na namba yake, lakini hizi za rahisi zina namba moja zote. Kompyuta ikiamka inaita, na anayeitika kwanza anapewa nafasi ya kwanza. Leo ameitika huyu, kesho yule." Akamgeukia Panzi. "Kwa hiyo usiwaulize wanaitwa nani. Waulize wanakaa wapi. Linux inalijua kila tundu. Iambie hivi: aliyechomekwa tundu la juu ni wa dirishani, hata akichelewa kuitika."

Panzi aliandika amri hizo kwa mkono wake huku Shangazi akimsomesha. Wakabandika pia karatasi ndani ya kila sanduku, kando ya kipimajoto, yenye herufi kubwa D au M, ili picha yenyewe iseme ni ya wapi. Walipomaliza, Panzi alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa imepita nusu saa.

"Ni hii tu?" aliuliza.

"Ni hii tu."

Nusu saa hiyo ilimuuma kuliko kofi.

Mama hakumpiga wala hakumfokea. Alimwambia kwamba kamera hazitaaminiwa mpaka kompyuta izimwe na kuwashwa mara ishirini, na kila mara matokeo yaandikwe. Panzi akakaa. Alizima, akawasha, akangoja, akaandika. Mara ya saba miguu ilimwasha, mara ya kumi na mbili alitamani kuandika tu "sawa" bila kuangalia. Aliangalia. Ishirini zote zilikuwa sahihi.

Siku tano zile alikwenda chumba cha nyuma kila alipoamka na kila alipotoka shule, akatega sikio kwenye ubao. Siku ya ishirini na moja hakusikia kitu. Bibi alikuwa ameacha kuzungumzia kuku. Siku ya ishirini na mbili, aliporudi nyumbani kula chakula cha mchana, Panzi alitega sikio akasikia mlio mwembamba, halafu mwingine.

"Bibi! Bibi, njoo!"

Mpaka jioni vifaranga walikuwa tisa, na kesho yake wakafika kumi na watatu. Mmoja alikuwa na shingo isiyo na manyoya, na Bibi alipomwona alikaa chini sakafuni. "Huyu ndiye," alisema. "Yule wa mama yangu alikuwa hivi hivi." Alicheka na kulia kwa pamoja. Mayai tisa hayakuanguliwa. Lile lenye doa la wino lilikuwa mojawapo. Panzi aliomba ayatoe mwenyewe. Aliyafukia nyuma ya nyumba, moja moja, wala hakukimbia kurudi.

Wiki iliyofuata akaja mama mmoja mgeni, fundi cherehani wa mtaa wa pili, na trei ya mayai. Aliona picha kwenye kioo, akastaajabu.

"Hizo kamera zenu ni za kuaminika kweli?"

Mama alimtazama Panzi. Bibi naye aliacha kulisha vifaranga wake.

Panzi alisimama wima. "Zilikuwa na kasoro," alisema. "Niliijua nikaificha, na mayai tisa ya Bibi yakafa. Ya majirani yalinusurika kwa bahati. Sasa tumezirekebisha na tumezijaribu mara ishirini. Lakini umeme ukikatika, tunafunua kifuniko kwanza na kuhakikisha kwa macho."

Yule fundi cherehani alimtazama, akatazama trei yake. Panzi alijua anaondoka, na kwamba Mama atakuwa amepoteza mteja kwa ajili yake. Lakini mgeni aliiweka trei mezani.

"Nitarudi baada ya siku ishirini na moja," akasema, akaaga.

Panzi aligeuka, hajaelewa. "Mama, mbona ameyaacha? Nimemwambia yaliyokufa."

"Ndiyo maana ameyaacha," Mama alisema, akimshika bega. "Mashine huharibika, mwanangu, na anayeishika hukosea. Hilo kila mtu analijua. Asichokijua mtu ni kama utamwambia likitokea. Kasoro uliyoitaja mapema hurekebishwa kwa nusu saa. Uliyoificha hungoja siku ambayo mwenzio ameweka mikononi mwako kitu chake cha mwisho."

Bibi aliinuka taratibu, akamtwaa yule kifaranga mwenye shingo tupu, akamweka kwenye viganja vya Panzi.

"Mshike huyu mpaka nimalize kuwabadilishia maji," alisema. "Naona leo mikono yako inaweza kutulia."